Muuguzi, Mzazi na Amana ya Mtoto Mchanga

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemleta mwanadamu duniani hali ni dhaifu, asiyeweza kula wala kunena, kisha akautia moyo wa mzazi huruma ili uwe ngome yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mambo ambayo watu huyapita bila ya kuyazingatia ni hali ya baba na mama waliosimama mlangoni pa chumba cha watoto wachanga spitalini. Watu humtazama mgonjwa, humtazama daktari, huuliza dawa na gharama yake. Wala hawaulizi wazazi hao wana haki gani kwa muuguzi, na muuguzi naye ana haki gani kwao. Na swala hili si la adabu tupu. Ndani yake mna roho ya kiumbe asiyeweza kujitetea kwa ulimi wake, na kila aliyepewa sehemu katika kumtunza ataulizwa juu ya sehemu yake.

Na ikadiriwe mtu mmoja, mkulima wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Msimu wa korosho umefika, mikorosho imeanza kuangusha, na mali yake ya mwaka mzima iko chini ya miti ikingoja kuokotwa. Mara mkewe ashikwa na uchungu katika mwezi wa saba. Apelekwa spitali, ajifungua mtoto ambaye uzani wake haukufika kilo moja na nusu. Ndiye aitwaye na watu njiti. Mtoto achukuliwa upesi, atiwa chumbani, na mlango wafungwa. Baba huyo asimama nje na kanga mkononi. Kupitia dirishani aona mpira mwembamba umetiwa puani mwa mwanawe, wala hajui mpira ule ni wa maziwa au ni wa pumzi, au ni alama ya kuwa mtoto amekwisha kukatiwa tamaa. Apita muuguzi, amwambia, "Ngoja nje." Maneno ni hayo mawili tu, kisha aenda zake.

Je, muuguzi yule ametimiza wajibu wake? Wako watakaosema: Naam, ameutimiza. Kazi yake ni kumtazama mtoto, na mtoto anatazamwa. Kumliwaza baba ni wema wa ziada. Akiufanya atapata thawabu, na akiuacha hana lawama. Na hoja yao si ya kudharauliwa. Wauguzi ni wachache na watoto ni wengi. Na muuguzi mmoja aweza kukesha usiku na chumba kizima, huyu ataka kulishwa, yule amesahau kupumua, wa tatu amepoa mwili. Kila dakika apewayo baba mlangoni ni dakika iliyoondolewa kwa mtoto kitandani. Basi akitakiwa kuchagua baina ya pumzi ya mtoto na utulivu wa mzazi, hapana mwenye akili atakayesita.

Walakini hoja hiyo imesimama juu ya msingi mmoja, nao ni kudhani kuwa mzazi ni mtu wa nje katika matibabu ya mwanawe, kama mgeni aliyekuja kuzuru. Msingi huo ukianguka, hoja yote huanguka pamoja nao. Na elimu ya utabibu yenyewe ndiyo iliyouangusha.

Tabibu Pierre Budin wa Paris alikuwa miongoni mwa wakubwa wa elimu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 alionya kuwa mama aliyetengwa na mwanawe huanza kupotewa na hamu ya kumlea, hata mtoto akitoka mzima hupata hasara nyumbani. Lakini onyo lake halikufuatwa na wengi, na kwa muda mrefu spitali nyingi za Ulaya ziliwafungia wazazi nje, zikiogopa maradhi ya kuambukizana. Hata Uingereza, ripoti ya serikali iliyoshauri kuwa wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto wao spitalini bila ya vizuizi haikutolewa illa mwaka 1959.

Kisha mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, tabibu Edgar Rey Sanabria aliona watoto njiti wamejaa kupita kiasi, wamelazwa wawili na zaidi katika sanduku moja la joto, na maradhi yanawapukutisha. Akawaambia mama zao wawaweke watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, wawafunge kwa nguo na kuwanyonyesha. Jambo hilo lilianza kwa ajili ya uhaba, na likaonekana kuwa na manufaa makubwa kuliko yalivyotazamiwa. Ndiyo malezi yaitwayo leo ya mama kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia achukuaye mwanawe mfukoni mwa tumbo lake.

Na mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika spitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Walitazamwa watoto zaidi ya 3,000, wenye uzani wa kilo moja hata karibu ya kilo moja na gramu mia nane. Wako waliowekwa vifuani mwa mama zao mara baada ya kuzaliwa, na mama zao wakakaa nao mumo humo chumbani. Na wako waliongojewa kwanza hata hali zao zitulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika wale waliongojewa walikufa karibu 16 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Na katika wale waliowekwa kifuani mapema walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwani haikufaa tena kuwanyima wengine kheri iliyokwisha dhihiri. Na mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri kuwa malezi hayo yaanze mara mtoto azaliwapo, asipokuwa ni mahututi kabisa.

Basi na azingatie mwenye kuzingatia. Kifua cha mama ni dawa. Na dawa hiyo haiko katika ghala ya spitali, iko kwa mzazi. Muuguzi akimfungia mzazi nje, amefungia dawa nje. Na akimwacha ndani hali amejaa hofu, hajui ashike nini wala asishike nini, ni kama aliyeweka dawa mezani na asimwambie mgonjwa kipimo chake. Kwa hiyo yule asemaye kuwa dakika ya mzazi imeibwa kwa mtoto amekosea hesabu. Muuguzi mmoja ana mikono miwili. Lakini akiwafunza mama kumi, amepata mikono ishirini zaidi, nayo haichoki kwa mwanawe wala haiendi zamu.

Na kufunza huko kuna mambo yake maalum. Muuguzi humwonyesha mama namna ya kuosha mikono hata viwiko kabla ya kumgusa mtoto. Humfunza kukama maziwa yake kikombeni, na humwambia asivunjike moyo yakitoka matone machache siku ya kwanza, kwani matone hayo ya njano ndiyo kinga ya mtoto. Humweleza kuwa mpira ule wa puani ni njia ya maziwa, kwa kuwa mtoto hajajua bado kunyonya na kumeza na kupumua kwa pamoja. Humfunga mtoto kifuani kwa kanga, kichwa kimegeuzwa upande ili pumzi isizibe. Humtajia alama za hatari: mtoto kupoa, kukataa maziwa, kugeuka rangi, kuacha kupumua. Na kila alitendalo mbele ya wazazi hulitaja kabla ya kulitenda. Haya yote hayataki mali. Yataka ulimi laini, na moyo unaokumbuka kuwa jambo alilolizoea muuguzi kwa miaka kumi, mzazi analiona leo kwa mara ya kwanza, tena juu ya damu yake.

Lakini haifai kuvuka mpaka na kusema kuwa maneno mazuri peke yake yatosha. Watu wa kusini mwa Tanzania wana ushahidi wa jambo hili kwao wenyewe. Katika miaka ya baada ya 2010 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara, Newala ikiwa mojawapo. Watu wa kujitolea wa vijijini waliwazuru nyumbani wanawake wenye mimba na waliojifungua, wakawapa nasaha za kumtunza mtoto mchanga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa baadhi ya desturi zilitengenea, kama vile kumnyonyesha mtoto mapema. Walakini haikuonekana kuwa vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa sababu ya nasaha hizo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa mtoto aliyezaliwa hali hapumui, au mwenye sumu ya maradhi damuni, hataponywa na nasaha ya nyumbani. Ataka spitali yenye watu, na vyombo, na dawa. Basi vyombo bila ya maneno ni upungufu, na maneno bila ya vyombo ni upungufu. Na katika nchi nzima ya Tanzania, hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watoto 24 katika kila 1,000 wazaliwao hai hufa kabla ya kutimiza mwezi. Kazi bado ni nyingi, na hapana mkono wa kuachwa.

Limebaki swala gumu kuliko hayo, nalo ni swala la kweli. Mtoto anapokuwa mahututi, na muuguzi aona kuwa matumaini ni haba, amwambie nini mama? Mwingine husema, "Mtoto hajambo," ili apate kumtuliza. Mwingine hunyamaza kabisa, akampita mama kama asiyemwona. Na mwingine hulitupa neno la mauti katikati ya watu, kama atupaye maganda. Wote watatu wamekosa. Wa kwanza amesema uwongo, na uwongo wa siku moja huiondoa imani ya siku zote. Kwani kesho akisema kweli, nani atamsadiki? Wa pili amemwacha mzazi na dhana zake, na dhana ya usiku hula moyo kuliko habari mbaya. Na wa tatu amesema kweli bila ya rehema, na kweli ya namna hiyo huumiza isipoponya.

Njia iliyonyoka ni kumketisha mzazi, baba na mama pamoja inapowezekana, mahali pasipo macho ya watu. Kumwambia hali ilivyo kwa maneno anayoyafahamu. Kumwambia linalofanywa na lisiloweza kufanywa. Kisha kumwacha alie. Kwani kulia si upungufu wa imani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mwana mchanga, Ibrahim, aliyepewa mama wa kumnyonyesha pembezoni mwa Madina, naye mume wa mama huyo alikuwa mhunzi. Mtume alikuwa akienda nyumbani kwao, na nyumba imejaa moshi wa uhunzi, akamchukua mwanawe akambusu, kisha akarejea. Na mtoto alipokuwa akikata roho, Mtume alimshika na machozi yakamtoka. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipoona ajabu, alijibiwa kuwa machozi hayo ni rehema. Basi mtukufu wa viumbe aliingia katika moshi ili amwone mwanawe kwa mlezi wake, na aliyalia mauti yake mbele ya watu. Ni mwanamume gani wa leo atakayesema kuwa wodi ya watoto ni mahali pa wanawake, na kuwa chozi lamvunjia heshima?

Na hapa maneno yawaelekea wanaume wenyewe. Haki hazidaiwi upande mmoja. Wako waume ambao, mke akilazwa na mtoto, humletea chakula siku mbili, ya tatu hutuma mtoto wa jirani, ya nne hawaonekani. Mama akaa kitandani amefunga mwana kifuani, hana maji, hana sabuni, hana kitoweo. Na maziwa hayatoki katika njaa. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 233 ya Sura ya Baqara, amemlazimisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye kwa wema, na amekataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Tena katika kumwachisha mtoto ziwa amewataka wote wawili waridhiane na washauriane. Ikiwa ushauri umetakiwa katika kuachisha ziwa, aula zaidi utakiwe pale roho ya mtoto inapokuwa mizanini.

Wako pia wenye kumwondoa mke spitalini kabla ya idhini, kwa kuwa korosho zinaoza, au kwa kuwa nyumbani hapana wa kuteka maji; na watu wa uwanda huo wajua taabu ya maji tangu zama za wazee, walipokuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata. Taabu hiyo ni ya kweli, wala haibezwi. Lakini korosho huzaa tena mwakani. Wako wengine ambao humgeuzia mke maneno: mwana amezaliwa kabla ya wakati kwa kuwa mama alifanya hivi au alikula vile, au humshitaki jirani kwa uchawi. Siku aliyokufa Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti yake. Mtume akawakataza, akawafahamisha kuwa jua halipatwi kwa mauti ya mtu. Ikiwa hakukubali dhana hiyo hata juu ya mwanawe mwenyewe, basi na akome mtu kumtungia mkewe hatia asiyokuwa nayo. Muuguzi amwambiapo baba mbele ya mkewe kuwa jambo hili si kosa la mama, ameokoa nyumba pamoja na mtoto.

Na baba naye ana kifua. Mama akiwa mgonjwa, au amechoka, au yuko katika kushonwa, baba aweza kumfunga mwana kifuani mwake, na joto lake ni joto. Muuguzi amwitaye baba na kumwonyesha namna hiyo hakumdhalilisha, bali amemrudishia sehemu yake.

Wengine wana haya nyingine: muuguzi si Mwislamu. Katika nchi ya Masasi jambo hili ni la kila siku. Misheni ya Kiingereza ilifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walikaa Ndanda mwaka 1906, na spitali yao iko hapo mpaka leo. Na huko Lulindi, katika miaka ya 1930 na 1940, alitibu daktari Leader Stirling, aliyekuja baadaye kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wayao na Wamakonde na Wamakua wengi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wametibiwa kwa mikono ya namna hiyo. Na katika sira imethubutu kuwa Mtume alipohajiri kwenda Madina, kiongozi wake wa njia, Abdullah bin Uraiqit, hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa uaminifu wake na ujuzi wake. Mwenye ujuzi na amana huaminiwa katika ujuzi wake. Naye muuguzi imempasa aiheshimu dini ya mzazi: amwachie baba amwadhinie mwanawe sikioni, na asimfanyie inda mama anayesoma dua kitandani. Na Waislamu wakiona uchache wa binti zao katika kazi hii, wasilaumu wengine. Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi katika hema lililopigwa msikitini mwa Mtume; basi kazi hii ni ya asili katika dini, na mwenye binti mwenye akili na huruma na asimzuie kuisoma.

Na ikiwa ajali imefika, haki ya wazazi haikatiki. Mtoto aliyezaliwa hai, hata akiwa ameishi saa moja, ni mtu: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa, na hesabu ya mirathi humhusu. Kwa hiyo neno la muuguzi kuwa mtoto alilia au hakulia, alipumua au hakupumua, si neno dogo. Ni ushahidi unaojengewa hukumu, na wanazuoni wameukubali ushahidi wa wanawake katika mambo ya uzazi ambayo wanaume kwa kawaida hawayaoni. Basi na aseme kwa hakika, na aandike kwa hakika. Na amkabidhi baba maiti ya mwanawe imefunikwa kwa heshima, mikono miwili, kwa jina lake kama amekwisha kupewa jina. Wala asiikabidhi kama mzigo.

Ama haki ya muuguzi juu ya watu, ni kushukuriwa, na kutotukanwa kwa uhaba usiokuwa wa kuumbwa naye. Baba aliyekosa dawa humfokea aliyesimama mbele yake, na aliyeipunguza dawa hayuko hapo. Tena kuna haki iliyo juu ya jamaa nzima ya Waislamu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alijenga mjini Cairo nyumba kubwa ya kuuguzia, akaiwekea wakfu wa kuwatunza wagonjwa na kuwalipa wanaowahudumia. Watu wa pwani na bara wajua kuweka wakfu minazi na mashamba kwa ajili ya misikiti. Haliwashindi kujenga banda la haki karibu na spitali, lenye jiko, na pipa la maji, na mikeka, ili mama wa njiti apate pa kupikiwa na baba apate pa kulala. Kufanya hivyo kutampunguzia muuguzi nusu ya mzigo wake, na ulimi wa mtu aliyepunguziwa mzigo ni mwepesi kuwa laini.

Basi jawabu la swala lililotangulia limedhihiri. Kumliwaza mzazi, kumfunza na kumwambia kweli si wema wa ziada. Ni sehemu ya matibabu, na mwenye kuiacha hali anaiweza ameacha wajibu. Na asiyeiweza kwa uchache wa watu ana udhuru wake, na hapo lawama huhamia kwa walioweza kumsaidia wasimsaidie. Yule mkulima wa Newala aliyeachwa mlangoni hakutaka maneno mengi. Lau muuguzi angesimama kidogo akamwambia, "Baba, mpira ule ni wa maziwa, mwanao anapumua mwenyewe, osha mikono, uingie," angeacha korosho zake zioze kwa moyo mkunjufu, na mtoto angepata mlinzi wa tatu.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote, awape subira waliofiwa, na awalipe kheri wanaokesha. Amin.